Vyondo vya Kariokor: Sanaa Isukwayo Mbele ya Watu

Ukitaka kujua kama kiondo kimesukwa na mikono iliyoiva, kipindue uangalie kitako. Ubavuni rangi zinaweza kukupendeza hadi ukasahau mengine, na mpini wa ngozi uking'arishwa hufunika mengi, lakini kitako hakina pa kujificha. Pale katikati ndipo kazi ilipoanzia. Nyuzi chache za kusimama zililazwa zikapishana, kisha nyuzi mbili nyembamba zikaanza kuzizunguka, moja ikipita juu na nyingine chini, zikibadilishana kila zinapovuka uzi mmoja. Msusi akikaza kupita kiasi, duara hujikunja. Akilegeza, duara hulegea na kiondo hakitasimama. Kiondo kizuri ukikiweka mezani hutulia chenyewe, bila kuegemezwa popote.

Wauzaji wa miaka mingi katika soko la Kariokor hukagua hivyohivyo. Mzigo wa vyondo ukiletwa kutoka Machakos, Makueni au Kitui, vikiwa havijatiwa mpini, muuzaji hukitoa kimoja baada ya kingine, hukipindua, hupitisha kidole gumba kitakoni, na hapo ndipo anapoangalia rangi. Bei hujadiliwa mwisho. Nimesimama pembeni mwa ukaguzi huo mara nyingi, na kila mara naona heshima ndani yake: mtu aliyeko Nairobi anasoma kwa kidole uamuzi aliofanya mwanamke asiyemjua, nyumbani kwake, siku ya kwanza ya kazi.

Kariokor iko mwanzo wa Eastlands, jirani na Ngara, Ziwani na Pumwani, mwendo wa miguu kutoka katikati ya jiji. Mtaa ulipata jina kutokana na kikosi cha wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia, Waafrika waliobebeshwa risasi, unga na majeruhi katika mapigano ya Afrika Mashariki, ambao makumi ya maelfu yao hawakurudi makwao. Leo sokoni kuna mikanda, ngoma, shanga, viatu vya akala vilivyokatwa kwenye matairi ya magari, na moshi wa nyama choma unaowavuta wafanyakazi wa ofisini saa za mchana. Lakini kazi iliyolipa soko hili sifa hadi ng'ambo ni kiondo. Kinasukwa na wanawake mashambani, kinamaliziwa na mafundi wa ngozi mjini, na hakuna hatua hata moja ya safari hiyo inayofanywa kwa siri. Nina imani, na nitaieleza hapa, kwamba yeyote anayetaka kuitumia sanaa kuwaamsha watu wa mtaa ana jambo la kujifunza katika kazi hii ya polepole.

Tuanze na uzi. Kabla ya mkonge kuenea, wanawake wa Ukambani na Ugikuyu walitoa nyuzi kwenye magome ya vichaka vya porini, na sehemu za Ukambani walitumia pia gome la mbuyu. Mkonge wenyewe ni mgeni. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, Marekani. Ni 62 tu iliyofika Tanga ikiwa hai, na kutokana na hiyo yakaota mashamba makubwa ya Tanganyika, kisha ya Kenya. Mashamba yalikuwa ya walowezi na makampuni, lakini wanawake wa vijijini waliuchukua mmea huo wakaufanya wao. Ukipita Ukambani leo utaona mkonge umepandwa mipakani na kandokando ya matuta, ukishika udongo usichukuliwe na mvua huku ukisubiri kisu.

Jani lililokomaa hukatwa, hutolewa ncha yake kali, kisha hupasuliwa vipande vyembamba. Kila kipande huvutwa kwa nguvu kati ya ubao na kisu butu hadi nyama ya kijani itoke yote na kubaki nyuzi. Utomvu wake huwasha, na mikono ya anayeanza hujaa vipele. Nyuzi huoshwa, huanikwa juani, na zikikauka huwa nyeupe na nyepesi. Hapo bado hujapata uzi wa kusukia. Umepata katani tu.

Uzi hupatikana pajani. Msusi huketi amenyoosha mguu mmoja, huchukua vifungu viwili vya katani, na kuvilaza sambamba juu ya ngozi yake. Kiganja kikienda mbele, kila kifungu hujisokota peke yake. Kiganja kikirudi, vyote viwili hujifunga kuwa uzi mmoja ambao hautafumuka, kwa sababu msokoto wa kwanza unavuta upande huu na wa pili unavuta upande ule. Kabla kifungu hakijaisha, hupachika katani mpya ndani ya ile ya zamani, na asipokuonyesha mwenyewe hutapaona palipoungwa. Uzi mzuri hauna fundo wala pahali palipovimba. Kwa kiondo kimoja cha sokoni huhitajika urefu mkubwa wa uzi wa namna hii, na wote umepita juu ya paja la mtu, kiganja kwa kiganja. Baadhi ya wasusi wa siku nyingi wana ngozi ngumu mahali hapo, na wakikuonyesha huonyesha kwa fahari.

Nyuzi nyingine hutiwa rangi. Magome, mizizi na majani huchemshwa, na kila eneo lina miti yake na njia zake za kupata hudhurungi iliyokolea au rangi ya kutu. Rangi za dukani zimeingia pia, na kuna vyondo vinavyosukwa kwa uzi wa sweta au nailoni. Sioni haja ya kuwalaumu wanaozitumia. Wanawake hawa hawajawahi kukataa nyenzo mpya, na katani yenyewe ilikuwa nyenzo mpya wakati wa nyanya zao.

Kusuka kunaanza pale kitakoni, na hapo ndipo akili inapofanya kazi kubwa kuliko mikono. Duara likipanuka, nafasi kati ya nyuzi za kusimama huongezeka, kwa hiyo msusi huchomeka nyuzi mpya za kusimama ili msuko usiachane. Akiongeza nyingi mapema, kitako hupata mawimbi. Akichelewa, kinabana na kuanza kupanda kabla ya wakati. Akifika upana anaoutaka, huacha kuongeza, na kwa kuacha huko tu ukuta huanza kusimama. Hakuna kalibu wala kipimo cha chuma. Umbo lote la kiondo linatokana na uamuzi wa lini uongeze na lini uache.

Mapambo nayo yana hesabu yake. Chukua nyuzi mbili za kuzungusha, moja nyeupe na moja nyeusi. Kama idadi ya nyuzi za kusimama ni shufwa, kila rangi itarudi mahali palepale mzunguko unaofuata, na utapata mistari iliyosimama wima. Ongeza uzi mmoja tu wa kusimama, idadi iwe witiri, na rangi zitasogea hatua moja kila mzunguko: mistari inavunjika na kuwa madoadoa yanayopanda kwa mshazari. Uzi mmoja umebadilisha sura ya kiondo kizima. Msusi hulijua hilo tangu anapoongeza nyuzi kitakoni, siku nyingi kabla pambo halijaonekana. Hana karatasi wala mchoro. Kuna wanawake ambao shule iliwapita kwa sababu walikuwa wasichana, nao hubeba hesabu hiyo kichwani huku wakijibu salamu za wapita njia.

Salamu hizo ndizo zinazonifikisha kwenye kiini cha sifa yangu kwa kazi hii. Mwanamke wa Ukambani husuka akitembea. Mzigo u mgongoni, mkanda umepita juu ya paji la uso, na mikono iliyobaki huru inazungusha nyuzi. Husuka akienda kisimani, akisubiri zamu ya posho mill, akiwa kwenye matanga, akiwa mkutanoni. Kazi hii hutumia vidole, na baada ya miaka vidole havihitaji macho kila dakika. Masikio na kinywa vinabaki wazi. Kelele za mashine hunyamazisha waliopo. Kiondo huwaacha watu waongee, na kwa kuwa hakiishi upesi, huwapa muda wa kuongea hadi jambo lifike mwisho.

Ndiyo maana vikundi vya wanawake na kiondo vimekwenda pamoja kwa miaka mingi. Wakamba wana desturi ya mwethya, watu kukusanyika kusaidiana kazi iliyomshinda mmoja. Katika wilaya ya Machakos, vikundi vya mwethya, ambavyo wengi wa washiriki wake walikuwa wanawake, vilichimba matuta katika milima iliyokuwa imemomonyoka hadi kubaki wekundu mtupu, na kufikia miaka ya 1980 mabadiliko yale yalikuwa yakiwashangaza watafiti wa dunia nzima. Vikundi vya namna hiyo vilikutana kila wiki. Siku isiyo ya jembe ilikuwa siku ya kusuka, na wakati wa kusuka ndio uliokuwa wakati wa kuuliza: ni mtoto wa nani aliyefukuzwa kwa karo? Tangi la maji litajengwa kwa nani kwanza? Nani hajaonekana wiki hii, na kwa nini? Fedha za vyondo ziliingia kwenye chama, zikatoka zikiwa mabati, ng'ombe au karo.

Mtu akiniuliza harakati za kijamii zinafananaje zinapokuwa na afya njema, sitataja kwanza bango wala kipaza sauti, ingawa kuna siku vyote viwili vinahitajika. Nitataja duara la wanawake wanaosuka. Hapo hakuna anayekaa mbele. Anayezungumza na anayesikiliza wote wana kazi mkononi. Msichana anayejifunza yupo katikati yao, anasikia shida za watu wazima na namna zinavyoamuliwa, na akisimama kwenda nyumbani amejifunza kusuka na kushauriana kwa pamoja.

Kiondo kikifika Kariokor, kinaingia mikononi mwa fundi wa ngozi. Hapa nitasimama kidogo, kwa sababu mnunuzi wa kawaida hamwoni fundi huyu hata akiwa amesimama mbele yake. Fundi huketi kwenye kigoda, mbele yake ubao wa kukatia uliojaa makovu ya kisu. Hupitisha kiganja juu ya ngozi kwanza, akitafuta upande usiovutika, kwa maana ngozi ya tumboni hurefuka ikibeba mzigo na ya mgongoni hushikilia. Mshipi atakaoukata lazima utoke mgongoni. Hukata kwa mkono mmoja bila kusita, kisu kikifuata rula ya chuma, halafu hulainisha kingo, huzipaka rangi, na kutoboa matundu kwa chuma na nyundo. Umbali kati ya tundu na tundu haupimi kwa rula, na bado ukiuangalia ni uleule kutoka mwanzo hadi mwisho.

Kazi ngumu ni kuunganisha ngozi na katani. Hivi ni vitu viwili vyenye tabia tofauti. Ngozi ikipigwa tundu hubaki na tundu; uzi wa katani ukitobolewa hukatika, na msuko mzima ulio juu yake huanza kufunguka. Kwa hiyo fundi haichomi shazia kwa haraka. Huiingiza ncha yake pale nyuzi zinapopishana, huisukasuka kidogo hadi nyuzi zisogee zenyewe kuipisha, ndipo huipitisha. Kwa ndani huweka kipande kingine cha ngozi, ili uzito usivute katani bali uvute ngozi kwa ngozi. Hushona kwa sindano mbili zinazopishana katika tundu moja, na uzi uliopakwa nta, hivi kwamba upande mmoja ukikatika wa pili unaendelea kushika. Waliotuachia msemo kwamba kamba hukatikia pembamba wangefurahi kumwona mtu huyu, maana kutwa nzima anatafuta pembamba na kupatia nguvu.

Mama mmoja alimletea kiondo nikiwepo. "Fundi, hiki si cha maonyesho, nataka cha kwendea sokoni."

"Utabeba nini, mama?"

"Viazi, sukuma wiki, siku nyingine unga."

Fundi aliuweka kando mshipi mwembamba aliokuwa ameushika, akachukua ngozi nene zaidi. "Basi nikutilie mrefu, mama, uupitishe begani. Huu mwingine ungekukata mkono."

Muda wote wa kushona mama alikaa kwenye benchi karibu naye, wakazungumza juu ya bei ya unga, juu ya mfereji ulioziba, juu ya kijana wa jirani aliyekamatwa na polisi na kutafutiwa dhamana na wenzake. Wapita njia walisimama, wengine wakachangia neno, wengine wakatazama tu ile shazia. Mama alipoondoka, mpini wake ulikuwa umeshonwa na watu kadhaa walikuwa wamejua kwamba kuna dhamana inayochangwa.

Jiji la Nairobi lina historia nzuri ya nyumba za sanaa. Elimo Njau na wenzake walianzisha Paa ya Paa mwaka 1965, wakataka Mwafrika awe na mahali pake pa kuonyesha na kujadili kazi zake. Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais wa pili wa Kenya, aliungana na Alan Donovan kufungua African Heritage mwaka 1972, na huko kazi za mikono kutoka bara zima zilipewa hadhi iliyostahili. Nawaheshimu sana. Lakini kwa mkazi wa Eastlands, mlango wa nyumba ya sanaa umebaki mzito kuufungua. Hakuna aliyemkataza kuingia, ila hakuna pia aliyemwambia kwamba kilichomo kinamhusu.

Ndiyo sababu nafurahishwa na wasanii waliogeuza mwelekeo wakaipeleka sanaa pale watu wanapopita. Baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, ambazo ziliua zaidi ya watu 1,100, mpiga picha Boniface Mwangi na vijana wenzake walianzisha Picha Mtaani. Walizunguka miji ya Kenya wakisimamisha picha za ghasia zile barabarani, bila kiingilio, ili muuza mboga na kondakta wazione sawa na waziri. Huko Kibera, Otieno Gomba na Otieno Kota, waliokuwa wakiandika mabango ya vibanda na vinyozi, waliunda Maasai Mbili mwaka 2001, na studio yao ikawa mahali ambapo mtoto wa mtaa huingia akashika brashi bila kuulizwa ni wa nani. Na katika Lunga Lunga, Mukuru, kundi la Wajukuu limewafunza watoto kuchora kwa miaka mingi, katikati ya mabati na moshi wa viwanda.

Mwaka 2022 Wajukuu walialikwa kwenye documenta, maonyesho yanayofanyika kila baada ya miaka 5 huko Kassel, Ujerumani. Mlangoni mwa ukumbi waliopewa walijenga njia ya mabati makuukuu ambayo kila mgeni alilazimika kuipitia kabla ya kuona kitu kingine. Ndani, miongoni mwa kazi nyingine, Ngugi Waweru alikuwa na sanamu ya visu vilivyolika kwa kunolewa mno. Kundi lilitunukiwa Tuzo ya Arnold Bode ya mwaka huo. Kilichonigusa zaidi ya tuzo ni nidhamu yao: hawakwenda Kassel kuonyesha wamekwepa Mukuru, walikwenda na Mukuru yenyewe, na vifaa vyake vilevile, vikiwa vimeshughulikiwa kwa mikono iliyovijua.

Naona uhusiano wa karibu kati ya vijana hawa na wasusi wa kiondo. Wote wanachukua kilichopo. Wote wanafanya kazi mbele ya macho ya majirani, na kwa sababu hiyo majirani hawaioni sanaa kuwa kitu kilichoshuka kutoka mahali wasipopajua. Maonyesho ya mtaani yanayoacha alama ni yale ambayo kuna mtu anafanya kazi pale pale: anachora, anachonga, anasuka. Picha iliyotundikwa ikamalizika huwafanya watu waitazame na kupita. Mtu anayefanya kazi huwafanya wasimame, waulize, wabishane, na hatimaye waulizane habari za mtaa wao. Waandaaji wa matukio ya sanaa huhangaika sana kutafuta namna ya "kushirikisha jamii". Kariokor wanashirikisha kila siku kwa benchi moja lililowekwa karibu na fundi.

Mtu aliyeelewa vizuri kuliko wengi jinsi mikono ya wanawake inavyoweza kuyumbisha mamlaka alikuwa Wangari Maathai. Alianzisha Green Belt Movement mwaka 1977 kwa kuwaendea wanawake wa mashambani waliokwisha kuwa na vikundi vyao, akawapa kazi ya mbegu, vitalu na miche, kazi ya mkono na ya subira, na miti zaidi ya milioni 50 ikapandwa. Mwaka 1989 alisimama kuzuia jengo la ghorofa 60 lisijengwe katika bustani ya Uhuru Park. Mwaka 1992 aliketi katika bustani hiyohiyo na akina mama waliogoma kula wakidai watoto wao, wafungwa wa kisiasa, waachiliwe. Alipiga vita pia mifuko ya plastiki, iliyokuwa imeziba mifereji na kunyonga mifugo, akiwahimiza Wakenya warudie vyombo vya kubebea vinavyodumu.

Alifariki tarehe 25 Septemba 2011. Alikuwa ameacha wasia kwamba mti usikatwe kwa ajili ya jeneza lake, kwa hiyo mafundi walimtengenezea jeneza la mianzi, mafunjo na magugu maji yaliyosukwa. Tarehe 8 Oktoba taifa lilimuaga Uhuru Park, na mwili wake ukaletwa hapa Kariokor, kwenye tanuri la kuchomea maiti, ndani ya chombo hicho. Mara nyingi watu husimulia kisa hiki kama sifa ya mama yule peke yake. Mimi nakisimulia pia kama sifa ya wasusi. Mwanamke aliyepata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004 alipotaka neno lake la mwisho kwa taifa liwe wazi kwa kila mtu, alilikabidhi kwa ufundi wa kusuka, na hakuna aliyehitaji kufafanuliwa.

Sheria ilikuja baadaye. Tangu tarehe 28 Agosti 2017, Kenya imepiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea, kwa adhabu ya faini ya kati ya shilingi milioni 2 na milioni 4, au kifungo cha mwaka 1 hadi 4. Wiki zile watu walihangaika wakitafuta cha kubebea nyanya. Wasusi hawakuhitaji kubuni kitu. Chombo kilichokuwa kimeonekana cha kizamani, cha bibi na cha watalii, kilirudi kuwa jibu la swali la kila siku, kwa kuwa kuna watu waliokuwa wamekataa kuacha kukisuka.

Ufundi huu umefika pia katika nyumba kubwa za sanaa kwa njia nyingine. Naomi Wanjiku Gakunga, msanii Mkenya anayeishi Marekani, alijifunza kusuka kwa nyanya yake. Leo hutumia mabati, huyaacha yapate kutu kwa maji na hewa, huyakata na kuyaunganisha hadi yaning'inie ukutani mfano wa kitambaa. Ameeleza uhusiano wa mabati hayo na vikundi vya wanawake wa Kenya waliochanga fedha wakaezekeana nyumba, zamu kwa zamu. Mwaka 2013 kazi zake zilionyeshwa katika October Gallery, London. Mtazamaji wa huko aliona sanaa ya kisasa, na hakukosea. Mtazamaji wa Kariokor angeona pia msuko wa bibi na chama cha mabati.

Gakunga anajulikana kwa jina, na anastahili. Msusi wa kiondo hajulikani. Kinapotoka kijijini hakina saini; kinapofika sokoni hupewa jina la eneo; kinapovuka bahari huitwa cha Kenya tu. Vyondo vilipopendwa sana Ulaya na Marekani katika miaka ya 1970 na 1980, viwanda vya mbali vilianza kuviiga, na msusi ambaye jina lake halikuandikwa popote hakuwa na namna ya kusema kwamba hii ni kazi yangu. Wengi waliouza kwa madalali walipata kiasi kidogo kabisa cha bei aliyolipa mnunuzi wa mwisho. Huo ni udhalimu, na hauondoki kwa kusifu tu uzuri wa kiondo.

Kwa hiyo nawaomba wanaopanga maonyesho ya sanaa katika Eastlands, wawe vijana wenye kontena lililogeuzwa studio, wawe watu wa kaunti, wawe walimu wanaotekeleza mtaala wa umilisi unaotaka mtoto ajifunze kwa mikono yake: waiteni wasusi na mafundi wa Kariokor, na muwaite mapema, wakati mnapanga. Msiwaite kuja kuuza mlangoni huku "wasanii" wakiwa ndani. Wapeni nafasi ya katikati, wakae chini wafanye kazi, na wawekeeni watu mahali pa kukaa karibu nao. Kila kiondo kiwe na kadi yenye jina la aliyekisuka, kijiji chake, na jina la fundi aliyetia ngozi, kwa idhini yao. Walipeni siku yao ya kazi hata kama hakuna kilichouzwa, kwa maana mnawaita wafundishe. Na msiwaharakishe. Waacheni waanze kitako asubuhi, mbele ya watoto wa mtaa, na jioni mtoto aulizwe amehesabu nyuzi ngapi za kusimama, na kama ni shufwa au witiri. Atakayejibu sawasawa mpeni katani aanze chake, na muulizeni pia amesikia nini walipokuwa wakisuka.